ANAYETUMA NA ANAYETUMWA

Wazee wetu walisema: Mjumbe hauawi. Ni neno la hekima, maana limeokoa roho za watu wengi waliopeleka habari mbaya kwa wakubwa wenye hasira. Mjumbe si mwenye maneno. Ameyabeba tu, kama mtungi ubebavyo maji, na maji yakiwa machungu hatuuvunji mtungi. Walakini methali hiyo imeacha jambo moja bila kulisema. Yatuambia kwamba mjumbe asiuawe. Haituambii kwamba mjumbe hana hatia. Basi yafaa tujiulize: mtu akitumwa kutenda jambo, na jambo lile likawa baya, hatia ni ya nani? Ni ya aliyetuma, au ni ya aliyetumwa?

Swali hili si la wafalme na majaji peke yao. Baba yumo chumbani, amsikia mdai wake akipiga hodi, naye amwambia mwanawe: "Kamwambie sipo." Mtoto aenda mlangoni. Neno atakalolisema huko ni lake, au ni la baba yake? Tumwache mtoto huyo amesimama mlangoni kwa kitambo kidogo, tutamrudia. Kwanza twende mbali, katika makoloni ya Waingereza ya Amerika ya Kaskazini, miaka michache kabla ya mapinduzi yaliyoizaa Marekani. Huko swali hili liliulizwa hadharani, kwa karatasi na wino, na mwisho kwa damu. Waliohusika walikuwa jaji na sherifu.

Neno sherifu lisimchanganye msomaji, hasa wa pwani. Halina udugu wowote na sharifu. Latokana na Kiingereza cha kale, na maana yake ni msimamizi wa wilaya. Katika kila wilaya ya makoloni yale sherifu alikuwa ndiye mkono wa korti. Jaji alisikiliza kesi na kukata hukumu, lakini hakuondoka katika kiti chake kwenda kumkamata mtu, kushika mali ya mdaiwa, wala kumtoa mpangaji nyumbani. Kazi hizo zilikuwa za sherifu na wasaidizi wake. Katika Tanzania sehemu ya kazi hiyo twaiona mikononi mwa dalali wa mahakama, nasi twajua jinsi mioyo ya watu inavyoshtuka aonekanapo akija.

Jaji na sherifu, basi, walikuwa wakiandikiana siku zote, na namna yao ya kuandikiana yastahili kuangaliwa. Korti ilitoa hati kwa jina la mfalme, ikimwambia sherifu: Mkamate fulani, umlete mbele yetu siku fulani; au: Toza katika mali ya fulani fedha kadha wa kadha. Sherifu hakuruhusiwa kuitupa hati ile baada ya kazi. Ilimpasa airudishe kortini kwa siku iliyotajwa, na mgongoni mwake aandike alilolitenda. Kwa desturi maneno hayo yalikuwa na majina ya Kilatini: Cepi corpus, nimemkamata, Non est inventus, hakuonekana, Nulla bona, hana mali. Maneno mawili matatu tu, lakini yalikuwa na uzito. Sherifu aliyeandika uongo mgongoni mwa hati aliweza kushtakiwa yeye mwenyewe na yule aliyedhulumiwa, akatozwa fidia.

Tazameni hekima iliyofichwa katika desturi hiyo. Upande wa mbele wa karatasi ni sauti ya anayetuma, na upande wa nyuma ni sauti ya aliyetumwa. Hati haijakamilika mpaka pande zote mbili zimeandikwa. Jaji hawezi kusema, "Mimi niliandika tu, sijui lililofuata," kwa sababu karatasi yake itamrudia. Sherifu naye hawezi kusema, "Mimi nilitumwa tu," kwa sababu amelitia mkono wake neno lililo lake. Sheria ile, pamoja na ukali wake mwingi, ilikuwa imejua kwamba amri bila jibu ni kitu cha hatari.

Mwezi wa Februari 1761, katika mji wa Boston, koloni la Massachusetts, ilisikilizwa kesi iliyohusu jambo hilo hilo. Jaji mkuu wa koloni alikuwa Thomas Hutchinson. Huyu hakusomea sheria; alikuwa mfanyabiashara wa ukoo mashuhuri, mtu mwenye bidii na adabu, aliyekwisha kupewa vyeo vingi. Wakati uo huo alikuwa jaji mkuu, naibu wa gavana, mwanachama wa baraza la gavana, na jaji wa mirathi. Maafisa wa forodha walimjia wakitaka hati zilizoitwa hati za msaada. Kwa hati hizo waliweza kuingia mchana katika nyumba, duka au ghala lolote kutafuta bidhaa za magendo, na masherifu, makonstebo na raia wote waliamriwa wawasaidie. Hati haikutaja nyumba ya nani, wala bidhaa gani, wala siku ya mwisho. Ilidumu muda wote wa uhai wa mfalme, na miezi 6 baada ya kufa kwake.

Mwanasheria James Otis alisimama kuzipinga. Alisema mengi, lakini katika hayo limo moja linalotuhusu hapa: hati hizo hazikuwa na marudio. Mwenye kuzibeba hakutakiwa kurudi mbele ya jaji na kueleza aliingia wapi, alivunja nini, alichukua nini. Aliyebeba karatasi ya namna hiyo hakuwajibika kwa mtu yeyote. Hutchinson aliahirisha shauri, akaandika London kuuliza desturi ya huko, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule korti ikazikubali hati. Kwa desturi ya Uingereza alikuwa na hoja. Lakini alikuwa ameiruhusu barua isiyotaka majibu. Mwaka 1791, Marekani ilipokwisha kujitawala, watu wake waliandika katika katiba yao kwamba hati ya kupekua sharti itaje mahali panapopekuliwa na vitu vinavyotafutwa. Walikuwa hawajasahau.

Miaka minne baada ya kesi hiyo ilikuja kodi ya stempu. Bunge la Uingereza liliamuru mwaka 1765 kwamba magazeti, mikataba na karatasi nyingi nyingine katika makoloni zipigwe chapa ya kulipiwa. Hata hati za korti zenyewe zilikuwamo. Watu wa makoloni hawakuwa na mjumbe katika Bunge lile, na hasira ikawaka. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1765 watu wa Boston walikuta sanamu imetundikwa katika mti mkubwa. Ilikuwa mfano wa Andrew Oliver, aliyechaguliwa kuzigawa stempu, naye alikuwa shemeji yake Hutchinson. Hutchinson akamwamuru sherifu wa wilaya ya Suffolk, Stephen Greenleaf, awatume watu wake waiteremshe. Greenleaf akaenda, akatazama umati, akarudi na jibu: haiwezekani bila kuhatarisha maisha ya watu wangu.

Wako watakaomcheka sherifu huyo kwa woga. Mimi naona kwamba alitenda la haki. Alitumwa, akaenda, akaona, akarudi, akasema kweli. Hakujidai kwamba hakuiona sanamu, wala hakuwapeleka watu wake kufa kwa ajili ya mfano uliojazwa matambara. Na jaji naye siku ile atakumbukwa kwa wema, maana jioni, umati ulipoivamia nyumba ya Oliver, Hutchinson hakukaa kwake akaandika amri nyingine. Alikwenda mwenyewe pamoja na sherifu kuwasihi watu watawanyike. Walipigwa mawe wote wawili, wakakimbia gizani. Aliyetuma na aliyetumwa walikula mawe mamoja.

Siku 12 baadaye, usiku wa tarehe 26 Agosti, umati uliigeukia nyumba ya Hutchinson mwenyewe. Walivunja milango, wakabomoa kuta za ndani, wakachukua fedha na vyombo, wakatawanya matopeni maandiko aliyoyakusanya miaka mingi juu ya historia ya koloni. Kesho yake jaji mkuu aliingia kortini bila joho lake, kwa kuwa nguo zake zote zilikuwa zimekwenda. Sherifu alipewa hati ya kumkamata mshona viatu mmoja, Ebenezer Mackintosh, aliyejulikana kuwa kiongozi wa umati. Greenleaf akamkamata barabarani. Lakini mabwana wenye mali wakamwendea, wakamwonya kwamba mtu huyo asipoachwa hakuna atakayeshika zamu ya ulinzi usiku ule. Sherifu akamwacha. Alipokwenda kueleza, Hutchinson alimwambia kwamba hakutimiza wajibu wake.

Linganisheni siku hizo mbili. Mara ya kwanza sherifu alishindwa, akasema nimeshindwa. Mara ya pili alikuwa ameweza. Mtu alikuwa mikononi mwake. Kisha akaitoa haki kama mtu atoaye mali isiyo yake. Waliomtisha hawakuwa wenye kubeba marungu. Walikuwa watu wa heshima ambao, kwa sababu zao wenyewe, hawakutaka Mackintosh ahojiwe. Ndiyo majaribu makubwa ya anayetumwa. Huenda akapambana na mawe, lakini sauti laini ya wakubwa humlegeza magoti. Na aliyeumia ni jirani ambaye nyumba yake imebomolewa na hakuna atakayejibu.

Lakini tusimwonee sherifu peke yake. Hutchinson mwenyewe, faraghani, hakuipenda kodi ya stempu. Aliiona kuwa si ya busara. Hata hivyo aliamini kwamba sheria ikiisha kutungwa sharti itekelezwe. Mwenye imani hiyo twaweza kumheshimu. Ila huwezi kumtuma mwenzio abebe mzigo ambao wewe mwenyewe waujua kuwa si wa haki, kisha ukamlaumu anapoutupa njiani. Na tena, mtu mmoja mwenye vyeo vinne hana wa kumsomea mgongo wa hati. Akiwa naibu wa gavana atoa amri, akiwa jaji asikiliza malalamiko juu ya amri ile. Jibu la sherifu larudi kwa kinywa kile kile kilichomtuma.

Hayo yalionekana mwaka 1768. Mwezi wa Oktoba askari wa mfalme walishuka Boston, na gavana akatafuta mahali pa kuwalaza. Akaitaka nyumba moja kubwa, mali ya koloni, iliyojengwa kwa kazi ya ufumaji, ambamo familia kadhaa zilikuwa zimepanga. Greenleaf akatumwa kuwatoa. Mfumaji Elisha Brown akafunga milango, akakataa kutoka asipotolewa kwa sheria. Hutchinson alikwenda siku moja pamoja na sherifu kuwashawishi wapangaji, hawakushawishika. Mwishowe sherifu akajipenyeza kwa dirisha la chumba cha chini, akajikuta amezungukwa asiweze kutoka, hata askari wakaja kumwokoa. Nyumba ikazingirwa siku chache, kisha askari wakaondolewa. Wapangaji wakabaki.

Mtu mmoja, cheo kile kile, lakini safari hii hakuwa na hukumu ya korti mfukoni. Alikuwa na amri ya gavana na baraza lake tu. Sherifu mwenye hukumu ya haki huingia mlangoni mchana, hata kama watu wanalia. Sherifu asiyekuwa nayo huingia dirishani. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba heshima ya mjumbe haitoki katika cheo chake wala katika silaha yake. Yatoka katika haki aliyoibeba.

Tena tuna mfano wa mambo yalipokwenda vema. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770 askari walipiga risasi katika umati wa Boston, watu 5 wakafa. Mji ulitaka kisasi. Hutchinson, aliyekuwa wakati huo akikaimu ugavana, alisimama barazani juu akawasihi watu waiachie sheria ifanye kazi yake. Usiku ule ule Kapteni Thomas Preston alitiwa mbaroni. Alikaa gerezani zaidi ya miezi 7, na mji wenye hasira haukulivunja gereza. Hutchinson hakukaa katika kiti cha jaji safari hiyo. Kesi iliendeshwa na majaji wengine, mbele ya raia walioapishwa. John Adams, mpinzani wa utawala wa Waingereza, alikubali kuwatetea askari. Preston akaachiliwa, katika askari 8, watu 6 wakaachiliwa, na 2 wakaonekana na hatia ya kuua bila kukusudia. Adhabu yao ilikuwa kuchomwa alama katika kidole gumba, na aliyewachoma ni Sherifu Greenleaf.

Watu wengi waliiona adhabu hiyo kuwa ndogo mno. Hata hivyo hakuna aliyempiga sherifu mawe siku ile. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu alikuwa amesimama mahali pake. Jaji alihukumu, raia wakaamua, mtetezi akatetea, sherifu akatekeleza, na mambo yote yalisemwa mchana mbele ya watu. Watu wanaweza kuivumilia hukumu wasiyoipenda. Wasiloweza kulivumilia ni hukumu ambayo hawakuona ilikotoka.

Mwaka 1774 Bunge la Uingereza likavunja utaratibu huo. Zamani, katika Massachusetts, raia wa kukaa kortini pamoja na majaji walichaguliwa katika mikutano ya miji. Sasa sheria mpya ikasema wachaguliwe na sherifu, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa gavana. Yaani mjumbe wa hukumu alipewa pia kuwachagua wenye kuamua. Watu wakazifunga korti. Tarehe 6 Septemba 1774, katika mji wa Worcester, wanamgambo 4,622 walijipanga pande mbili za barabara, na wakuu wa korti wakapita katikati yao, kofia mikononi, wakisoma tena na tena karatasi ya kukana utumishi wao chini ya sheria ile. Hakuuawa mtu. Lakini twaweza kuona jinsi dunia ilivyopinduka: wale waliozoea kutuma karatasi, leo waliandikiwa karatasi ya kusoma.

Mahali pengine hapakuwa na salama hiyo. Mji wa Westminster leo umo katika jimbo la Vermont. Wakati ule wilaya yake, Cumberland, ilitawaliwa na koloni la New York. Wakulima wengi walikuwa na madeni, na waliogopa kwamba korti itakayokaa katikati ya mwezi wa Machi 1775 itawanyang'anya mashamba. Watu 40 hivi walikwenda nyumbani kwa jaji mkuu wa wilaya, Thomas Chandler, wakamsihi kwa adabu asiikalishe korti. Kwa masimulizi yao, jaji aliwajibu kwa upole. Alisema iko kesi moja ya mauaji ambayo haina budi kusikilizwa, lakini nyingine zaweza kungoja. Mmoja wao akamwonya kwamba sherifu atakuja na watu wenye silaha, na damu itamwagika. Jaji akatoa neno lake la heshima: hakuna silaha itakayoletwa juu yao.

Jumatatu, tarehe 13 Machi, watu wapatao 100 waliingia katika nyumba ya korti wakiwa na fimbo tu, ili wawahi kusema na majaji kabla ya kikao. Kabla ya jua kutua, Sherifu William Paterson akafika na watu wake, wengine na bunduki, panga na bastola, akawaamuru watoke. Wakakataa. Baadaye Jaji Chandler akaja. Wakamwuliza: Ahadi yako iko wapi? Akajibu kwamba silaha zimeletwa bila ridhaa yake, naye akawaahidi tena kwamba watakaa ndani bila kusumbuliwa mpaka asubuhi, ndipo majaji watakapokuja bila silaha kuwasikiliza. Kisha akaenda zake.

Usiku, yapata saa 5, sherifu na watu wake wakarudi, wakapiga risasi. Kijana mmoja, William French, mwenye umri wa miaka 21 tu, akapigwa risasi kadhaa, akafa kabla ya mapambazuko. Mwenzake, Daniel Houghton, akafa kwa majeraha siku chache baadaye. Kesho yake wanamgambo kwa mamia wakamiminika mjini; majaji na sherifu wakatiwa katika gereza lile lile ambalo usiku walikuwa wamewafunga wengine. Korti ya mfalme haikukaa tena mahali pale. Wiki 5 baadaye, tarehe 19 Aprili, vita vikaanza huko Lexington.

Ahadi ni deni, nasi sote twalijua hilo. Lakini ahadi ya Jaji Chandler ilikuwa deni ambalo alitaka lilipwe na mtu mwingine. Hatuna sababu ya kusema alikuwa mwongo. Huenda aliamini kabisa alilolisema. Lakini alitoa neno juu ya mikono isiyo yake, na alipoona mara ya kwanza kwamba mikono ile haikulishika neno lake, alitoa neno lile lile mara ya pili, akaondoka. Kama angekaa usiku ule mlangoni pa korti, kama alivyokwenda Hutchinson nyumbani kwa Oliver, labda angepigwa. Lakini labda French angeuona mwaka wake wa 22. Sherifu naye atasema nini? Alikuwa na haki ya kufungua njia ya korti. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini jaji wake alikuwa amekwisha kutoa ahadi kwa watu, na hakuna amri iliyomlazimisha kuwafyatulia risasi gizani watu wenye fimbo waliokuwa wakingoja asubuhi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipima swali hili zamani, katika kitabu chake kikuu cha teolojia. Aliuliza juu ya mtu mwenye kazi ya kutekeleza hukumu ya kifo. Alisema: ikiwa hukumu ina dhuluma iliyo wazi, mtekelezaji asitii, kwani vinginevyo hata wale waliowaua mashahidi wa dini wangekuwa na udhuru. Lakini ikiwa dhuluma haiko wazi, hatendi dhambi akitekeleza, maana si kazi yake kuipima tena hukumu ya mkubwa wake. Ni jibu la kiasi. Halimfanyi mtumishi kuwa jaji juu ya jaji, wala halimfanyi kuwa nyundo isiyo na roho.

Walakini amri nyingi tunazopewa maishani haziko wazi upande huu wala upande ule. Karani aambiwa alifungie faili kabatini. Mwalimu aambiwa amfukuze mtoto asiyelipa ada. Askari aambiwa awaondoe wachuuzi barabarani. Si amri za kuua mashahidi, tena si safi kama maji ya kisima. Kwa mtu wa namna hiyo nadhani ile karatasi ya kale yaweza kuwa mwalimu. Aende, aangalie kwa macho yake, atende kwa kiasi kinachopasa, kisha arudi na kuandika kweli mgongoni: Nimefanya hili, hili sikuweza, hili niliona kwamba litaleta madhara, na sababu yake ni hii. Hilo halihitaji ushujaa wa vita, ila lahitaji moyo usiouza kweli. Wengi wetu hatuanguki kwa kutenda ovu kubwa tuliloamriwa. Twaanguka kwa kurudi na kusema, "Hakuonekana," hali tumemwona, au "Kazi imekwisha, bwana," bila kusema imekwisha kwa gharama ya nani.

Na kwa anayetuma, kama ni jaji, mzazi, meneja au kiongozi wa kijiji, funzo ni zito zaidi. Asitoe hati isiyo na marudio. Asipende kutumikiwa na watu wasiojibu. Karatasi irudipo aigeuze, aisome nyuma. Na kama imeandikwa habari asiyoipenda, akumbuke kwamba mjumbe hauawi. Hapo ndipo methali yetu ilipo na nguvu yake kamili. Tukimwadhibu mjumbe kwa kusema kweli, kesho atatuletea uongo, na uongo wake utakuwa ni mazao ya shamba letu wenyewe. Hutchinson alikufa uhamishoni Uingereza mwaka 1780, mbali na nchi aliyoipenda na kuiandikia historia. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyeuamini mno upande mmoja wa karatasi.

Sasa turudi mlangoni, maana mtoto wetu bado amesimama. Mdai auliza: "Baba yako yupo?" Mtoto, ambaye bado hajajifunza ujanja wa watu wazima, ajibu: "Baba amesema nikwambie kwamba hayupo."

Twacheka kila tuisikiapo hadithi hiyo, na baba aliye chumbani huona haya. Lakini mtoto ameitimiza kazi yake yote. Ameupeleka ujumbe kama alivyopewa, na hakuitia saini yake katika uongo. Lililobaki ni la baba: atoke chumbani, amkabili mdai wake, na asimpige mtoto.